Vijana wa East Harlem na Afya ya Jirani Zao

Katika mji wa New York, upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa cha Manhattan, uko mtaa uitwao East Harlem. Wenyeji wake huuita kwa Kispania El Barrio, yaani Mtaa tu, kana kwamba duniani hakuna mtaa mwingine. Asili ya wengi waliokaa humo katika habari hizi ni kisiwa cha Puerto Rico, ambacho Marekani ilikitwaa kwa Wahispania katika vita vya mwaka 1898. Mwaka 1917 watu wa kisiwa hicho walifanywa raia wa Marekani, na baada ya Vita Kuu ya pili wakahamia New York kwa maelfu na maelfu, wapate kazi katika viwanda, mahoteli na nyumba za kufulia nguo. Walipofika walikuta nyumba zilizokwisha chakaa, ghorofa juu ya ghorofa, vyumba vyembamba, na wenye nyumba wasioonekana ila siku ya kudai kodi.

Twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za vijana wa mtaa huo waliojitwika kazi ya afya ya jirani zao katika mwaka 1969 na 1970. Habari zao zina mambo ya kusifiwa na mambo ya kubishaniwa, nasi hatutaficha haya kwa ajili ya yale. Maana mwandishi wa historia akichagua matamu tu, huyo ni mpishi.

Jina lao lilikuwa Young Lords, maana yake Mabwana Vijana. Jina hilo hawakulibuni wao. Katika mji wa Chicago lilikuwako kundi la vijana wa Puerto Rico lililoitwa hivyo, nalo mwanzo lilikuwa kundi la kupigana mitaani. Mkubwa wake, José Jiménez, ambaye wenzake walimwita Cha Cha, aligeuka nia alipokuwa kifungoni mwaka 1968. Na alipotoka akalifanya kundi lake liwe chama cha kuwatetea maskini wasifukuzwe katika nyumba zao. Vijana kadha wa kadha wa New York, baadhi yao wanafunzi wa vyuo, walisoma habari hizo, wakafunga safari kwenda Chicago, wakarudi na ruhusa ya kulitumia jina lile. Tarehe 26 Julai 1969 wakajitangaza mbele ya watu katika bustani ya Tompkins Square. Mwenyekiti wao alikuwa Felipe Luciano, mtunga mashairi, ambaye ujana wake ulikuwa umempitisha gerezani. Pablo Guzmán alikuwa hajatimiza miaka 19. Juan González alikuwa amesoma katika chuo kikuu cha Columbia. Mmoja wao, Juan Ortiz, alikuwa na miaka 15 tu, umri wa mtoto ambaye kwetu angali akitumwa kuteka maji.

Basi vijana hawa walikuwa wamesoma vitabu vingi vya siasa, na vichwa vyao vilijaa mambo makubwa: uhuru wa Puerto Rico, ubaya wa polisi, haki ya mataifa. Waliposhuka mtaani kuwauliza wazee na akina mama ni jambo gani linalowasumbua kuliko yote, walitazamia kusikia hayo. Hawakuyasikia. Watu waliwajibu neno moja la Kispania, la basura, takataka.

Ni kweli, taka zilikuwa nyingi. Sisi tulio vijijini maganda na majivu huyatupa shimoni nyuma ya nyumba, na udongo huyameza. Katika ghorofa za New York udongo hauko. Taka hutiwa katika mapipa, mapipa huwekwa kando ya barabara, na yasipochukuliwa yote humwagika, panya wakazaliana, nzi wakaja, na watoto wakacheza humo humo, maana kiwanja kingine hawana. Magari ya usafi yalipita sana katika mitaa ya matajiri. Katika El Barrio yalipita kwa nadra, na hata yalipopita nusu ya taka iliachwa chini.

Hapo ndipo tunapowaona vijana hawa wakifanya jambo ambalo wasomi wengi hawaliwezi: waliweka vitabu kando wakashika fagio. Jumapili baada ya Jumapili katika mwezi wa Julai walifagia barabara, wakakusanya taka katika mifuko, wakaipanga vizuri ili ichukuliwe. Mwanzo watu waliwatazama tu kutoka madirishani, wakidhani labda hawa wana wazimu, au wanatafuta kura. Baadaye wengine walishuka kusaidia. Fagio zilipokwisha, vijana walikwenda katika kituo cha Idara ya Usafi kuomba nyingine, wakanyimwa. Na mifuko waliyoipanga ikabaki pale pale.

Ndipo wakageuza shauri. Walichukua taka zile zile, pamoja na magodoro ya zamani na viti vilivyovunjika, wakazirundika katikati ya njia kuu, magari yasiweze kupita; na rundo lingine wakalitia moto. Mambo hayo yakaendelea mpaka Agosti. Wazee waliokuwa wakitazama kutoka madirishani sasa walileta taka zao wenyewe. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa kumchagua Meya, na Meya aliyekuwapo, John Lindsay, alikuwa akitaka kuchaguliwa tena. Kwa hiyo moshi wa El Barrio ulionekana upesi kuliko mifuko ya El Barrio ilivyoonekana. Wakubwa wa mji wakaja kuzungumza na watu, na magari ya usafi yakaanza kupita vizuri zaidi.

Wako wasemao kwamba bila moto ule pasingebadilika kitu, na wako wasemao kwamba kuchoma taka barabarani ni uhuni hata ukiwa na sababu. Sisi twaona kwamba swali hilo halijibiki bila kukumbuka fagio. Vijana hawa hawakuanza na kiberiti. Walianza kwa kuomba, tena kwa kufanya wenyewe kazi ambayo mji ulitoza kodi kwa ajili yake. Na mama aliyemwona kijana akifagia mlangoni pake wiki kwa wiki ndiye aliyekubali kumfuata siku ya moto.

Jambo la pili walilolishika lilikuwa la siri zaidi, maana halinuki wala halionekani. Ni sumu ya risasi. Msomaji asidhani twasema habari ya bunduki. Madini ya risasi zamani yalichanganywa katika rangi ya kupaka nyumba, kwa kuwa huifanya ing'ae na idumu. Nyumba ikizeeka na isitengenezwe, rangi hubanduka vipande vipande kama magamba ya samaki, navyo vina utamu kidogo ulimini. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hutia kila kitu kinywani. Akiviokota huvila, na vumbi lake hulilamba vidoleni. Sumu hiyo huingia katika damu na mifupa, huharibu ubongo. Mtoto huumwa tumbo, hupungukiwa damu, huwa mzito wa kujifunza, na ikizidi hushikwa na kifafa hata kufa. Mama huweza kudhani mtoto wake ni mvivu au mkaidi, kumbe ni ukuta wa chumba chake unaomla ubongo.

Mji wa New York ulikuwa umekataza rangi ya namna hiyo ndani ya nyumba tangu mwaka 1960. Lakini sheria ilikataza kupaka mpya tu. Ile ya zamani ilibaki ukutani, na nyumba za zamani ndizo walimokaa maskini. Mwaka 1969 mwandishi wa gazeti aitwaye Jack Newfield aliandika juu ya maradhi hayo, akieleza kwamba Idara ya Afya ya mji ilikuwa na vyombo 40,000 vya kupimia mkojo wa watoto ili kuigundua sumu, navyo vilikuwa vimelala bila kutumiwa.

Vyombo 40,000 ghalani, na watoto mtaani! Vijana wa Young Lords walipopata habari hizo walikwenda katika ofisi za Idara ya Afya, wakaketi humo, wakasema hawataondoka mpaka wapewe. Wakapewa 200. Hiyo ilikuwa sehemu ndogo mno ya ile hesabu, lakini waliipokea, wakaanza kazi. Walifuatana na madaktari vijana, wauguzi na wanafunzi wa udaktari, wakapanda ngazi za nyumba zile za ghorofa, wakapiga hodi mlango kwa mlango. Walieleza maradhi kwa Kispania na kwa Kiingereza, wakaacha chupa, wakairudia baadaye ikiwa na mkojo wa mtoto. Kazi hiyo haina sifa. Ni kazi ya kupanda ngazi na kushuka, kungoja mtoto aliyelala aamke, kumtuliza baba mwenye hofu ya wageni. Walipima watoto 60 hivi kwanza, na karibu theluthi yao ikaonekana wana dalili za sumu mwilini.

Hesabu hiyo ilitangazwa, na aibu ikawa kubwa. Mwaka 1970 mji ulianzisha ofisi maalum ya kupigana na sumu ya risasi, na watoto wakaanza kupimwa kwa maelfu. Mwanzoni mwa mwaka 1971 serikali kuu ya Marekani ikatoa sheria yake ya kwanza ya kuzuia sumu ya rangi ya risasi, na mwaka 1978 rangi hiyo ikakatazwa kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani katika nchi nzima. Hatusemi kwamba vijana hao peke yao ndio waliofanya hayo yote. Madaktari na waandishi wengi walikuwa wakipiga kelele pia. Lakini wao ndio waliopiga hodi.

Sasa twafikia jambo ambalo wasomaji wetu Wakristo watalitazama kwa jicho kali. Katika pembe ya Lexington Avenue na njia ya 111 lilikuwako kanisa la Wamethodisti wenye kusema Kispania. Jengo lake lilikuwa kubwa, na siku za kazi lilikaa limefungwa. Vijana walimwomba mchungaji, Humberto Carrazana, awape nafasi asubuhi wawape chai na chakula watoto waendao shule bila kula. Wazee wa kanisa wakakataa. Yafaa tuwafikirie nao kwa haki. Mchungaji mwenyewe alikuwa amekimbia kutoka Kuba, akiiogopa serikali ya Fidel Castro. Sasa mlangoni pake wakaja vijana wenye kofia za zambarau, wakisema maneno ya mapinduzi. Angewezaje kuwaona ni wageni wa heri? Tena washarika wengi walikuwa wamehama mtaa ule, wakirudi Jumapili tu kusali, nao jengo lile walilijenga kwa sadaka zao.

Vijana wakaendelea kuhudhuria ibada wakingoja nafasi ya kusema. Jumapili moja ya Desemba 1969 Luciano alisimama ibadani ili anene; polisi wakaingia, watu wakapigwa, na mkono wake ukavunjwa. Vijana 13 walikamatwa. Tarehe 28 Desemba wakarudi, na ibada ilipokwisha wakaifunga milango kwa misumari na minyororo. Wakakaa humo siku 11, wakaliita Kanisa la Watu. Katika siku hizo watoto walikula asubuhi bure, nguo ziligawiwa, madaktari waliopenda wakapima watu magonjwa, na jioni palikuwa na mafundisho ya historia ya Puerto Rico, mashairi na ngoma. Watu waliingia na kutoka kwa maelfu. Tarehe 7 Januari 1970 askari walikuja na hati ya hakimu. Vijana 105 wakatoka kwa amani, wakapelekwa kortini.

Kulifunga kanisa la watu kwa minyororo ni neno zito, na hatulitetei. Lakini twakiri pia kwamba swali waliloliacha mlangoni halikufungwa na polisi: jengo lililojengwa kwa jina la Bwana lifanye nini siku ya Jumatatu, ikiwa ng'ambo ya barabara yuko mtoto mwenye njaa? Kila sharika yapaswa ijibu lenyewe, na majibu hayatakuwa mamoja.

Kifua kikuu kilikuwa adui wao wa tatu. Wasomaji wetu wanayajua maradhi haya vizuri; hupenda chumba chenye watu wengi na hewa kidogo, na nyumba za El Barrio zilikuwa hivyo. Vijana walizunguka tena milangoni wakipima watu kwa kipimo cha ngozi. Lakini aliyeonekana ana alama lazima apigwe picha ya kifua, na mashine za picha ziko hospitali, ambako mtu hungoja mchana kutwa na kukosa ujira wake. Chama kimoja cha kupigana na kifua kikuu kilikuwa na lori lenye mashine ya eksirei ndani yake. Vijana waliliomba lipite mtaani mwao saa ambazo watu wametoka kazini, wasipate jibu la kuwaridhisha. Tarehe 17 Juni 1970 wakalitwaa.

Walilipeleka karibu na lile kanisa, wakalitundika bendera ya Puerto Rico, wakalipa jina la Ramón Emeterio Betances. Huyo alikuwa daktari wa Puerto Rico, aliyezaliwa 1827 akafa 1898, ambaye aliwauguza watu wa Mayagüez katika tauni ya kipindupindu ya mwaka 1856, na mali yake akaitumia kuwakomboa watoto wa watumwa. Wakatangaza kwa vipaza sauti kwamba picha ni bure, na watu wakapanga safu. La ajabu ni kwamba wakubwa wa afya wa mji, badala ya kuleta polisi, walifika wakapatana nao: lori lifanye kazi saa 12 kila siku, siku 7 kwa juma, na mafundi walipwe. Kwa hiyo kitu kilichotwaliwa asubuhi kikawa halali jioni. Na ikiwa kiliweza kuwa halali jioni, mtu huuliza kwa nini hakikuwezekana jana yake.

Habari za Hospitali ya Lincoln, katika Bronx ya kusini, tutazieleza kwa ufupi. Jengo lake lilikuwa la karne ya 19, serikali yenyewe ilikwisha sema halifai, na watu walilipa jina la machinjio. Alfajiri ya tarehe 14 Julai 1970 vijana na wafanyakazi wa hospitali, yapata watu 150, waliliingia sehemu moja wakaishika kwa saa 12 hivi, wakataka jengo jipya, matunzo ya mlango kwa mlango, na wagonjwa wasikilizwe. Wakatoka kabla ya mapigano. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wakaingia tena, pamoja na watu waliokuwa wamenaswa na ulevi wa heroini, wakaanzisha humo mahali pa kuwaponya. Kazi hiyo ilidumu miaka mingi, na baadaye ikajulikana mbali kwa kutumia dawa ya Kichina ya kuchoma sindano ndogo masikioni. Jengo jipya la Lincoln lilifunguliwa mwaka 1976.

Lakini wakati huo chama chenyewe kilikuwa kinakufa. Mwezi wa Oktoba 1970, mwenzao mmoja, Julio Roldán, alipoonekana amekufa katika chumba cha gereza, walibeba jeneza lake mpaka lile kanisa, safari hii wakiwa na bunduki mikononi. Wengi waliowapenda wakaogopa. Mwaka 1971 wakubwa wao wakaamua kupeleka nguvu zao Puerto Rico, kufungua matawi huko, na kazi za mtaani zikadhoofika. Wapelelezi wa serikali walikuwa wakiwafitini, hayo ni kweli. Lakini na wao wenyewe walifitinika. Wakabadili jina, wakashutumiana kwa maneno ya vitabuni, na kufika mwaka 1976 hakuna kilichobaki. Twaona kosa lao kubwa lilikuwa hapo: waliacha kuuliza watu wa mtaa lile swali la kwanza, wakarudia majibu waliyokuwa nayo kabla ya kushuka ngazi.

Baadhi yao waliendelea na kazi za maana. Guzmán alikuwa mtangazaji wa habari katika televisheni ya New York mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2023. González akawa mwandishi wa magazeti mwenye kusifika. Denise Oliver, binti wa kwanza kuingizwa katika halmashauri kuu ya chama, alipigana sana na wenzake wa kiume mpaka wakafuta katika kanuni zao sentensi iliyowasifu wanaume kwa ubabe; na bila wasichana, twaamini, kazi ya kupiga hodi isingekwenda mbali, kwa kuwa mlango hufunguliwa upesi zaidi kwa sauti ya mwanamke.

Na ile rangi ya zamani? Ingali ukutani katika nyumba nyingi za New York, imefunikwa na rangi mpya juu yake. Mwaka 2004 mji ulitoa sheria nyingine: mwenye nyumba ya zamani ya kupangisha lazima kila mwaka awaulize wapangaji wake kama ndani yake anakaa mtoto ambaye hajatimiza miaka 6. Akiwapo, sharti mwenye nyumba aingie achunguze kuta, na palipobanduka apatengeneze kwa gharama yake.